Ua la Nusu kwenye Kofia ya Baba

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua huko uliko umeshaitikia marahaba, na kabla sijakaa vizuri umeshaniuliza nimekula nini. Nimekula mkate wa kumimina niliopika mwenyewe. Umeungua kidogo chini, na tafadhali usinicheke.

Barua hii naiandika wazi, asome anayetaka, kwa sababu n'na mashitaka juu yako na nahitaji mashahidi. Ulinicheza shere, Shangazi. Mimi, mtoto wa kakako, niliyekuwa nikikuletea maji ya kunywa kila alasiri bila ya kuambiwa mara mbili! Ukanicheza shere nikiwa na miaka tisa, ukaenda zako kwa Mola wako umenyamaza kimya, nami nimekuja kujua wiki iliyopita tu, nimesimama mbele ya darasa zima na msimamizi kakaa nyuma, sina hata pa kujificha. Lakini ngoja nianze mwanzo, maana wewe mwenyewe ulikuwa hupendi mtu akurukie katikati ya hadithi.

Unaikumbuka baraza ya nyuma ya nyumba yetu hapa Ibra, Omani? Wewe kwenye mkeka, mguu mmoja umeunyoosha, miwani umeifunga kwa uzi mweusi nyuma ya masikio, ukanda wa kitambaa cheupe mapajani. Mimi pembeni yako natia nyuzi kwenye sindano, kwa kuwa macho yangu yalikuwa mapya na yako, ulisema, yalibaki Unguja. Sokoni siku ya Jumatano, lile soko letu la wanawake peke yao, wateja walikuwa wakizigeuza kofia zako nje ndani wakitafuta kosa. "Tafuteni, bibi zangu, tafuteni," ukiwaambia, unajipepea kwa upepeo wako. Hawakupata hata siku moja.

Kwa wasiojua kazi hii, niwaeleze kidogo. Kofia zetu hushonwa kwa vitundu. Unachoma kitundu kwa sindano nene, unakizungushia uzi pande zote, unahamia kingine. Vitundu vikipangwa vizuri hutoka maua. Kofia ina duara la juu na ukanda unaozunguka kichwa, na huo ukanda ndio unaomuumbua mtu, kwani maua lazima yazunguke mpaka yakutane kwenye mshono bila mtu kujua wapi yameanza na wapi yameishia. Ukanda wa baba ulikuwa na vitundu mia na ishirini na nane kwenye safu ya chini. Hukuandika popote. "Kichwa cha kakangu nakijua tangu kilipokuwa laini," ulikuwa ukisema, na baba, mtu mzima na ndevu zake, akiinamisha macho kama mtoto.

Nami wakati huo nilikuwa mbovu wa hesabu. Si mbovu wa kusemwa tu, mbovu kweli. Skuli tulikuwa tukiimba jedwali la kuzidisha kila asubuhi, mwalimu na rula yake mkononi, na mimi sauti yangu ilipita za wote. Nane mara saba nilikuwa naijua, ila lazima nianzie nane mara moja nipande ngazi yote. Ukiniuliza katikati, nimekwama. Ripoti ilipokuja nyumbani, baba akaisoma akaikunja, mama akasema nitafunzwa upya, na wewe hukusema neno. Siku ya pili tu ndiyo uliniita.

"Asya, njoo. Umekuwa mkubwa sasa. Utamshonea babako kofia ya Idi."

Niliruka! Ukanipa ukanda umeshauchoma vitundu vyake vyote, kazi hiyo ulikuwa humwachii mtu, ukanionesha ua la vitundu vinane.

"Anzia hapa," ukasema.

"Nihesabu kwanza?"

"Wataka kuhesabu?"

"Sitaki."

"Basi shona."

Nikashona wiki baada ya wiki. Kila nikimaliza ua nilikuinulia ukanda, na jibu lako lilikuwa moja tu: "Endelea, tuone." Hukunisifu, hukunikosoa. Maua kumi, kumi na mbili, kumi na sita, yote yamekaa sawa, mpaka jirani akasema mkono huu umerithi mkono. Halafu nikafika kwenye mshono. La kumi na saba liliingia nusu. Vitundu vinne tu, na vinne vingine havikuwa na pa kukaa. Ua limekatwa katikati utadhani limetafunwa na mbuzi.

Nililia, Shangazi. Nililia kilio cha msiba. Nawe ulicheka mpaka miwani ikakuanguka.

"Limekuwaje?"

"Limekatika."

"Kwa nini limekatika?"

"Kwa sababu mie mjinga."

"Hilo si jibu la hesabu. Nakuuliza tena, kwa nini?"

Ukanitupia kipande cha boksi, ukaniambia nisirudi barazani mpaka nijue ningewezaje kulijua jambo hilo kabla ya kushona hata kitundu kimoja. Siku mbili nilizunguka nyumba na kile kipande cha boksi. Nilichora nukta, nikazifunga nane nane kwa kalamu, nikafuta, nikachora tena. Siku ya tatu nikaja mbio, hata salamu sikutoa.

"Ningevihesabu vyote, halafu nivigawe kwa nane!"

"Na vikibaki?"

"Nabadilisha ua. Nashona la vitundu sita, au la vinne."

"Ala! Kumbe unajua kugawa! Nani kakwambia hujui?"

Tangu siku ile, kila nikisikia neno baki, naliona ua la nusu. Na tangu siku ile hesabu ikawa kitu changu, kama ufunguo wa mlango wa kwetu.

Basi Idi ikafika. Mimi nilitaka kofia ile ichomwe moto, na baba akaivaa! Akaivaa na ua la nusu kaliweka mbele, juu ya paji la uso, akaenda nayo kusali. Tena ilikuwa kubwa kidogo, ikimshuka mpaka kwenye nyusi, akawa anaisukuma nyuma kila akirudisha salamu. Ami zangu walikufa kwa kicheko. "Amenishonea binti yangu," akawajibu. Mmoja akakuuliza wewe, fundi wa Ibra nzima, imekuwaje ukakosa kipimo cha kichwa cha ndugu yako. Ukasema, "Itakuwa kichwa kimepungua." Watu wakazidi kucheka, nami nikacheka pamoja nao, sikufikiri lolote.

Baadaye ukaichukua kofia, ukaitia kwenye lile bati lako la biskuti, ikakaa humo miaka. Baada ya arubaini yako baba alinipa lile bati. Nikaitoa, nikaigeuza. Ndani, karibu na mshono, mlikuwa na kifundo kidogo cha uzi mwekundu. Nikadhani siku ile ulisahau kukikata. Nikataka kukikata mimi, halafu nikasema hapana, mkono wako ndio uliokifunga, na kikae.

Sasa nikuletee habari za kazi, maana ulifariki nikiwa ndiyo kwanza nimeanza kusomesha hesabu darasa la tano hapa hapa Ibra, na mwisho wa mambo hukuuona.

Mwaka jana tulipelekwa Nizwa kwenye mafunzo ya walimu, siku tatu. Mkufunzi wetu alitufundisha nadharia za kujifunza, vipi akili ya mtoto inashika jambo. Ya kwanza inasema mtoto hushika kwa kurudiarudia na kutuzwa: akipatia mpe kitu, akikosea msahihishe papo hapo, mpaka kikae. Nikasema moyoni, huyu ndiye yule mwalimu wangu na rula yake. Ya pili inasema mtoto hamiminiwi elimu kama maji kwenye gudulia, hujenga mwenyewe kwa kushika vitu, kukosea na kujiuliza. Ya tatu inasema mtoto hujifunza zaidi akipewa kazi iliyompita hatua moja tu, na awepo mtu wa kumshika mkono na kumwachia kwa wakati wake. Mkufunzi anachora duara zake ubaoni, walimu wenzangu wanaandika, na mimi nyuma nacheka peke yangu. Nilikuona kwenye kila duara, Shangazi. Mwenzangu wa kutoka Al Hamra akaniuliza kuna nini. Nikamwambia namkumbuka mtu.

Nikarudi na moto wangu. Nikaanza na ile ya kwanza, lakini bila ya rula: nyota za kubandika. Anayepatia anapata nyota daftarini. Wiki mbili tu, wasichana wangu wakageuka wafanyabiashara wa nyota. Wanabadilishana, wanabandua kwa wenzao, mmoja kazipanga kwenye kibweta cha kalamu mpaka hakifungi. Nikamuuliza huyo huyo nane mara saba, akanitazama usoni na akaanza kwa sauti ya chini, nane mara moja nane. Mwana wee! Nilijiona mwenyewe na ushungi wangu wa zamani.

Nikasema basi, twende kwenye ya pili. Wajenge wenyewe. Nikanunua tende, khalasi nzuri, nikazimwaga juu ya meza, nikawaambia, "Gaweni, mjue mnachojua," nami nikakaa pembeni nimekunja mikono, nimenyamaza kama ulivyokuwa ukinyamaza wewe. Na siku hiyo hiyo mlango ukafunguliwa akaingia Ustadha Zahra, msimamizi wetu wa hesabu, huku twamwita mushrifa. Mwanamke mrefu, wa Nizwa, faili kifuani, hana maneno mengi. Akakuta nini? Hakuna anayegawa. Watoto wanakula. Kundi moja lina kokwa tupu. Akamuuliza msichana mmoja tende zenu ziligawika vipi, na yule kwa adabu zote, kwa jina la abla wanalowaita walimu wa kike, akajibu, "Zimekwisha, abla, na hakuna baki."

Mimi nilicheka. Ustadha Zahra hakucheka.

Baada ya kipindi akaniita ukumbini. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema kwa upole kwamba anaona napenda watoto, lakini darasa langu halijifunzi, na kwamba atarudi kabla ya muhula kwisha. "Nikikuta hali ni hii hii," akasema, "nitapendekeza uhamishiwe ofisini. Kuna kazi ya mafaili, na wewe mwandiko wako mzuri."

Mafaili, Shangazi! Nilirudi nyumbani sisikii wala sioni. Ofisi ina kiyoyozi kizuri na saa za kazi nzuri na mtu atanionea wivu, nami nilikuwa nalia jikoni na kijiko mkononi. Mie bila ya darasa ni nani? Na lililonichoma zaidi ni msichana wangu mmoja, Shamsa. Anakaa kiti cha mwisho, hanyanyui mkono, ukimuuliza anatazama sakafu. Daftari lake safi kwa kuwa anafuta kila kitu kabla hakijaonwa. Nilikuwa nimejiapia kwamba yule simwachi mpaka aseme neno la hesabu kwa sauti, na sasa nilikuwa nahesabiwa siku.

Ndipo nikaenda kulifungua lile bati la biskuti. Nikakaa na kofia ya baba, nikalitazama ua la nusu, nikacheka tena peke yangu. Wazo likaja hapo. Nikasema: lile kosa lilinitokea mie kwa bahati tu, na likanifunza kuliko mwaka mzima wa skuli. Je, nikiwawekea watoto kosa kama lile kwa makusudi? Shangazi, nikajiona mjanja kweli kweli. Nikajiona nimekupita! Nikasema Shangazi alikuwa na kipaji cha kunyamaza, mimi nitatia na mpango juu yake. Hebu cheka sasa, cheka mpaka ushibe.

Nikakata mikanda ya karatasi. Nikaipiga nukta kwa kalamu, kila mkanda na idadi yake. Mingine ilikuwa na nukta sabini na mbili, na ua la nane huingia mara tisa bila matata. Mingine sabini na sita, na huo ukifika mwisho unabaki na nusu ya ua. Sikuwaambia. Nikaweka na kofia ya baba juu ya meza yangu, waone kazi yenyewe inavyokuwa.

Ustadha Zahra akaja Jumatatu, kipindi cha pili. Akakaa nyuma, akafungua faili. Kwenye fomu yake pana kisanduku cha nadharia iliyotumika, na mimi nilikuwa nimekiacha kitupu kwa woga. Nikawagawia watoto mikanda, nikawaambia kila kundi limshonee baba wa mtu kofia ya Idi kwa kalamu za rangi, ua la nukta nane, lisikatwe. Wakaanza kwa furaha, hakuna aliyehesabu hata mmoja. Kama mimi, walikuwa wanataka kushona tu.

Kundi la Shamsa walikuwa na mkanda wa sabini na sita. Naye ndiye waliyempa kalamu, kwa kuwa mkono wake mzuri. Ua la kwanza, la pili, la tano. Kila nikipita ananiinulia mkanda bila kusema, macho yananiuliza, nami nasema, "Endelea, tuone." Ulimi ulikuwa unaniwasha, Shangazi! Nilitaka kumwambia hesabu kwanza mwanangu, utaumbuka. Nilijiuma mdomo mpaka ukauma kweli. Sijui wewe uliweza vipi wiki nzima nzima.

Akafika mwisho. Nukta nne. Akasimamisha kalamu hewani. Wenzake wakaanza kumsema, mmoja akasema ameharibu, na nikaona mkono wake umeshakwenda kwenye kifutio. Kule nyuma Ustadha Zahra kanyanyua uso. Nikasema moyoni, hapa ama darasa ama mafaili.

Nikachutama karibu yake. "Limekuwaje, Shamsa?"

Akalifunika ua kwa kiganja.

"Kwa nini limekatika?"

"Kwa sababu mimi sijui hesabu," akasema, ndani ya koo.

"Hilo si jibu la hesabu. Kwa nini?"

Nikaondoka. Miguu haikutaka kuondoka, lakini niliondoka, nikaenda kujifanya nafuta ubao ambao hauna kitu. Nyuma yangu nikasikia minong'ono, halafu nukta zinahesabiwa, halafu zinahesabiwa tena, na mmoja anasema kateni nne za mwisho. Na halafu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu mwaka uanze, kubwa, ya mtu aliyesahau kuogopa.

"Hapana, msikate! Si mkanda mbaya, ua ndilo kubwa. Tukishona ya nne nne yanaingia yote. Kumi na tisa!"

Ningempa nyota zote za duniani. Sikumpa hata moja, nilimwambia, "Ala! Kumbe unajua kugawa." Akacheka. Makundi mengine yakasikia, yakaanza kuhesabu mikanda yao, darasa likachemka, kila mmoja anataka kujua wa kwake utabaki na ngapi. Hapo nikamtazama Ustadha Zahra. Alikuwa ameweka kalamu chini, anagawa nukta za mkanda uliomwangukia miguuni.

Ingeishia hapo ningekuandikia barua ya shukrani tu. Lakini Shamsa, mdomo umeshafunguka, akaja mezani kwangu.

"Abla, na hii kofia yako ina ua la nusu."

"Ndiyo. Niliishona mie, nilipokuwa kama wewe. Nilikosea."

Akaitazama. "Naweza kuihesabu?"

Akahesabu kwa nane nane, kidole juu ya kila ua. Kumi na sita, na nne. "Mia na thalathini na mbili," akasema.

Nikamwambia umekosea, hebu rudia. Kofia za baba zote ni mia na ishirini na nane. Akarudia, mara hii na wenzake wawili wakimsimamia. Mia na thalathini na mbili. Halafu akaigeuza ndani nje, kama wale wanawake wa Jumatano, kidole chake kikapita kwenye mshono kikasimama.

"Abla, hapa pana kifundo chekundu. Kipo pale pale maua kumi na sita yanapoishia. Kutoka hapa mpaka mshono ni vitundu vinne." Akanyanyua uso. "Nani alichoma vitundu?"

"Shangazi yangu."

"Basi wewe hukukosea. Yeye alijua mwisho ni hapa, akaweka alama, halafu akaongeza vinne ili ua lisitoshe."

Nilikaa, Shangazi. Kiti kilikuwepo, alhamdulillahi. Nikaiona ile kofia inamshuka baba mpaka kwenye nyusi. Nikakusikia unasema kichwa kimepungua. Nikaanza kucheka na machozi yananitoka mbele ya watoto wote, na wao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Ustadha Zahra akaja mpaka mbele, akaichukua kofia, akakisugua kile kifundo kwa kidole gumba, akaniuliza shangazi yako alisomesha wapi. Nikamwambia kwenye mkeka. Akanirudishia kofia, akaniambia, "Rudi kwenye darasa lako, abla. Kipindi hakijesha." Alisema darasa lako. Nililisikia vizuri. Lile suala la mafaili halijatajwa tena, na kisanduku cha nadharia alikijaza mwenyewe, sijui kaandika nini.

Alasiri ile ile nikaenda kwa baba. Themanini na ushei sasa, masikio mazito, lakini utani wake uko pale pale. Nikamwekea kofia mapajani.

"Baba, ulijua?"

Akaitazama, akaanza kutikisika mabega kabla sauti haijatoka. "Dada aliniambia niivae na nisifungue mdomo. Akasema, mtoto ataligundua mwenyewe akishajua hesabu." Akajifuta macho. "Nikangoja mwaka wa kwanza. Wa pili. Ukaenda chuo kikuu. Ukawa mwalimu. Mwanangu, miaka yote hiyo na wewe hukuvihesabu vitundu? Mwalimu wa hesabu mzima?"

Toba! Nilifundishwa nikaapa kwamba nitahesabu kwanza, na kofia iliyonifundisha sikuihesabu hata mara moja.

Basi haya ndiyo mashitaka yangu. Nilidhani siri yako ilikuwa kunyamaza, nami nikanyamaza mbele ya tende, watoto wakazila. Sikujua kwamba ulikuwa unanyamaza baada ya kazi yote kwisha. Ulikwishakaa na ukanda wangu, ukahesabu mpaka mwisho, ukafunga uzi wako mwekundu, ukaongeza vinne. Mwanamke ambaye hakuna mtu sokoni aliyewahi kupata kosa kwenye kofia yake aliliweka jina lake kwenye kofia mbovu, akachekwa na nduguze siku ya Idi, ili mtoto mmoja asijione mjinga. Nakupenda, Shangazi. Nilikuwa nakupenda kabla, lakini sasa nakupenda kwa hesabu.

Habari ya mwisho. Raya, binti wa kaka yangu, ametimiza miaka tisa. Anaimba jedwali vizuri sana, na ukimuuliza katikati anakwama. Jumamosi amekuja barazani anataka kujua sindano inashikwa vipi. Nimemwambia amekuwa mkubwa, atamshonea babake kofia ya Idi. Ukanda nimeuchoma mwenyewe, vitundu mia na thalathini na mbili. Aliniuliza, "Nihesabu kwanza, Shangazi?" Nikamwambia, "Wataka kuhesabu?" Akasema hataki.

Kaka nimeshamwambia kwamba Idi hii kofia itamshuka machoni, aivae na asifungue mdomo. Uzi nimeutumia ule ule wako mwekundu, ulikuwa umebaki kidogo tu kwenye bati, ukatosha kifundo kimoja.

Lala salama, na uniombee nisicheke kabla ya wakati.

Mtoto wa kakako,
ambaye sasa naye ni shangazi wa mtu